Mkalimani wa Sehemu ya Nne

Orodha aliisoma Mkalimani kwa sauti, na kazi yangu ilikuwa kujibu. Si kujibu kwa kuangalia karatasi, bali kwa kugusa. "Memori, vipande vinne," anasema, kisha ananyamaza. Naingiza mkono kwenye tumbo la seva, ncha za vidole zinapita kwenye vile vipande kimoja baada ya kingine, halafu nasema, "Ipo." Hapo ndipo anapoweka alama ya vema kwa penseli. Nikijibu upesi kuliko mkono unavyoweza kwenda, anarudia swali lilelile kwa sauti ileile, kama vile sijafungua kinywa.

"Usiandike ulichoambiwa," alikuwa akisema. "Andika ulichogusa." Katika miaka sita niliyofanya naye kazi nadhani nililisikia neno hilo kila wiki, na kwa muda mrefu nililichukulia kuwa ukaidi wa mzee asiyeamini karatasi za watu waliosoma. Niliwahi hata kumwigiza mbele ya wenzangu wa ofisini, sauti na mkao, nao wakacheka. Leo sipendi kukumbuka kicheko kile.

Sote tulimwita Mkalimani. Jina lake la kwenye kitambulisho nililiona mara moja tu, siku ya kujaza fomu za likizo, na lilionekana kama la mtu mwingine. Kwa nini mtu wa kompyuta aitwe mkalimani, hakuna aliyenieleza. Dereva wetu alinijibu, "Ni jina tu hilo, dada. Mimi mwenyewe nimelikuta." Nilikuwa nimetoka Mugumu, binti wa fundi cherehani, nina stashahada yangu ya kompyuta na viatu vipya, na sikuwa na subira ya kufuatilia majina ya watu.

Ofisi yetu ilikuwa ya upimaji, ya mtu binafsi, pale Tarime mjini. Yeyote aliyetaka ardhi yenye watu juu yake, iwe kwa kuchimba, kwa barabara au kwa bwawa, alituita twende na tepu kuhesabu kilichopo kabla wenyewe hawajahama: nyumba, maghala, miti, visima, makaburi. Hesabu hizo zilitunzwa kwenye seva moja kubwa katika chumba cha nyuma, ambacho zamani kilikuwa stoo ya kahawa. Kiyoyozi kilinguruma humo mchana kutwa, na harufu ya kahawa haikuwahi kutoka ukutani. Mkalimani alivaa humo jaketi zito la sufu la rangi ya majivu, na alipotoka nje kwenye jua hakulivua.

Seva ilikuwa moja, lakini imegawanywa sehemu nne. Kila sehemu ilifanya kazi kama kompyuta inayojitegemea, na mfumo wake endeshi, bila kujua kwamba kuna wengine ndani ya bati hilohilo. Mfumo unaowekwa humo namna hiyo tuliuita mfumo mgeni. Sehemu ya kwanza ilikuwa na ramani na rejesta rasmi ya hesabu, ya pili barua pepe, ya tatu mishahara. Ya nne nitaisema mbele, kwa sababu hata yeye alichelewa kuisema.

Kabla ya kuingiza mfumo mgeni wowote, Mkalimani alitaka orodha mbili zikamilike. Moja ya vyuma: prosesa ni ya aina gani, memori kiasi gani, diski ina nafasi gani, kadi ya mtandao ni ya sehemu hiyo peke yake au ya kushirikiana. Nyingine ya programu: ile programu ya chini kabisa inayougawa mtambo ni toleo gani, mfumo mgeni wenyewe ni toleo gani, viraka vyake vya kuziba kasoro vimewekwa, leseni inaruhusu, na waliotengeneza mfumo huo wanakubali ukae kwenye mtambo wa namna hii. Kitu kimoja kikikosekana, haingii. Meneja aliwahi kumsihi kwamba kilichopungua ni kidogo sana. Mkalimani akamuuliza kama amewahi kuona mlango uliopungua kidogo ukafungika.

Wiki yangu ya kwanza alinipa mtambo wa akiba nijifunzie. Ulikuwa na memori gigabaiti sitini na nne. Mimi na akili zangu za chuo nikagawa kumi na sita mara nne, hesabu safi, hakuna baki. Sehemu tatu zikawaka. Ya nne ikagoma. Nilihangaika nayo tangu asubuhi mpaka saa nane, nikabadilisha nyaya, nikafuta na kuanza upya, huku yeye amekaa kwenye stuli yake akimenya muhogo wa kuchemsha. Mwishowe akasema, "Umewagawia wageni chakula chote. Mwenye nyumba naye anakula." Ule mgawanyiko wenyewe, kumbe, unataka memori yake. Ile programu ya chini haifanyi kazi kwa hewa. Nilitaka kumuuliza kwa nini aliniacha nihangaike siku nzima, lakini uso wake ulikuwa umekwishageukia ukutani.

Ilikuwa miaka ya dhahabu, na mtu asiyeishi huku wakati ule hawezi kujua jinsi neno hilo moja lilivyokuwa limejaa kila mahali. Mlinzi wetu aliaga anakwenda chooni, akaonekana baada ya siku tisa upande wa machimbo ya Nyangoto, mweupe kwa vumbi la mawe kuanzia nyusi hadi miguuni. Mpishi wa mgahawa wa jirani alifunga mgahawa, akamwachia mke wake ufunguo na sufuria. Hata meneja alikuwa na kipande cha jiwe mezani ambacho alikiloweka kwenye maji kila asubuhi akikigeuzageuza. Mkalimani hakushughulika. Dhahabu ilimhusu kwa jambo moja tu: malori. Yakipita yalinyanyua vumbi jekundu lililopenya kila ufa, likaenda kulala kwenye feni za seva. Alishona vichujio kwa vipande vya kanga kuukuu, akavifua kila Ijumaa na kuvianika nyuma ya ofisi. Mgeni akiviona kambani alidhani kuna mtoto mchanga.

Alijua Kikurya, Kiswahili, Kijaluo, na Kiingereza cha kutosha kumfukuza mtu wa mauzo kwenye simu. Lugha nne, na sijawahi kufanya kazi na mtu aliyenyamaza kama yeye. Nilimwambia shikamoo kila asubuhi, akajibu marahaba bila kugeuka, na mara nyingi hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza na la mwisho hadi chai. Alikula peke yake. Wenzetu walipomkaribisha mezani alisema feni ya tatu ina mlio asioupenda, akarudi chumbani. Nilikwenda kusikiliza feni ya tatu mara nyingi. Haikuwa na mlio wowote.

Alikaa chumba cha kupanga nyuma ya kituo cha mabasi. Nilifika huko mara moja, alipougua malaria, nimembebea uji. Kitanda kimoja, kiti kimoja, kikombe kimoja. Nilitafuta pa kumiminia uji wangu mimi mwenyewe, sikuona, nikasimama. Akaona aibu, nami nikaona aibu kwa kuona aibu yake. "Watu hawaji sana," alisema. Nilipotoka nilipita sokoni nikanunua vikombe viwili vya bati, nikampelekea kesho yake ofisini kana kwamba ni vya ofisi. Aliviweka juu ya kabati la nyaya, vikakaa hapo.

Nilichoshindwa kuelewa kwa muda mrefu ni mama mmoja aliyetoka kijiji cha Kerende.

Alikuja mara moja kwa mwaka, mavuno yakishaingia ndani. Mwanamke mrefu, mkimya, kitenge kimefungwa vizuri, miguu ina vumbi la kutembea. Hakupita kwa meneja wala kwa karani. Alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa chumba cha seva, akabisha, na Mkalimani, ambaye hakumfungulia mtu mlango ule hata mkaguzi, akafungua. Siku hiyo alitoka mwenyewe kwenda kununua chai. Alishusha kimoja cha vile vikombe vya bati, akakiosha, akammiminia. Mama akakaa kwenye stuli yake, yeye akasimama. Kisha mama aliuliza kitu kimoja, kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu kwa Kikurya kingekuwa kizito mno kwake. Neno moja tu alilibakiza la Kikurya, tata, yaani baba, ndivyo alivyomwita Mkalimani.

"Tata, bado yupo?"

Mkalimani aliiwasha sehemu ya nne. Ilichukua muda, maana mfumo wake ulikuwa wa kizamani, skrini ya bluu na maandishi meupe. Ikatokea ramani yenye mistari michache, na nyuma ya kijumba kimoja cha mraba kulikuwa na nukta. Akaweka kidole chini ya ile nukta bila kuigusa. "Yupo," alisema. Mama aliitazama kwa muda wa kumaliza kikombe. Halafu akashukuru, akaondoka, na Mkalimani akaizima sehemu ya nne na hakusema na mtu mpaka jioni. Nilipomuuliza ni nani yule, alisema ni mteja.

Hapo ndipo nilipoanza kumchunguza, nasema ukweli. Mzee aliyekataa mfumo wa mishahara kwa kukosekana kiraka kimoja alikuwa na sehemu nzima isiyotumika ila kwa nusu saa kwa mwaka. Nilifungua faili la orodha zake za zamani, nikatafuta ya sehemu ya nne. Ilikuwa kwa mkono wake, penseli, safi kama zote. Kipengele cha mwisho kilisema: watengenezaji wanakubali mfumo huu ukae kwenye mtambo huu. Mbele yake, alama ya vema na neno "Ipo".

Haikuwa kweli. Watengenezaji wa mfumo ule walikuwa wameshautupa kabla seva yetu haijaundwa, na hakuna karatasi yao yoyote iliyoutaja mtambo kama wetu. Ulikaa pale kwa hila za viraka alivyovitunga yeye. Mkalimani alikuwa ameandika kitu ambacho hakukigusa. Nilikaa na faili lile mapajani nikafurahi, namna mtu anavyofurahi akimkuta mwalimu amekosea, na furaha hiyo haikudumu hata dakika moja. Nilihisi kama nimefungua sanduku la nguo za mtu.

Sikumwambia. Mwaka uliofuata ofisi ikanunua seva mpya, na ikabidi tuseme.

Meneja aliagiza kila sehemu ihamishiwe kwenye mtambo mpya, na wa zamani uuzwe kama chuma. Tukaanza na orodha, kama kawaida, yeye anasoma, mimi nagusa na kujibu. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu ilitaka kiraka, tukakiweka, ikapita. Akageuza karatasi.

"Sehemu ya nne," alisema. "Memori."

"Ipo."

"Diski."

"Ipo."

"Prosesa inayoujua mfumo huu."

Nilikuwa nimeshajaribu siku mbili kabla, kwa siri, nikiomba nikute njia. Prosesa mpya haikuujua mfumo ule hata kidogo. Viraka vyake vyote havikupata pa kushika. Niliweka mkono juu ya lile bati jipya, lilikuwa la baridi na safi, nikauacha hapo. Akarudia kwa sauti ileile.

"Prosesa inayoujua mfumo huu."

"Haipo," nilisema.

Aliandika. Hakuweka vema wala hakubishana, aliandika "Haipo" kwa herufi zake za pole, akaweka sahihi, akaniletea na mimi niweke yangu. Heri angenikemea. Baada ya hapo akakaa kwenye stuli, na ndipo akaniambia kwa nini anaitwa Mkalimani.

Zamani, kabla ya kompyuta, aliajiriwa na ofisi hiyohiyo kuwatafsiria wapimaji waliokuja kutoka mbali. Kazi ilikuwa upande wa Kerende, ardhi inachukuliwa kwa ajili ya kuwekea kifusi cha mawe. Walipita mji kwa mji, kama tunavyoyaita huku maboma ya familia. Mpimaji anauliza kwa Kiswahili, yeye anageuza kwa Kikurya, mzee wa mji anajibu, yeye anarudisha, karani anaandika. Nyumba ngapi. Maghala mangapi. Kwenye mji mmoja wakafika kwenye makaburi.

"Mzee akasema, hakuna," Mkalimani alinieleza. "Mimi nikasema, hakuna. Karani akaandika hakuna. Mkwe wake, mke wa mwanawe, amesimama mlangoni, ana sufuria mkononi. Nikamwona anaangalia nyuma ya ghala. Hakuangalia mara moja. Aliangalia, akaniangalia mimi, akaangalia tena kule."

"Ukamuuliza?"

"Wewe umetoka Mugumu, unajua. Mkwe hawezi kusema neno mbele ya baba mkwe aliyekwisha kusema lake. Na mimi siwezi kumuuliza, nitakuwa nimemvua nguo mzee, mbele ya wageni. Adabu. Mpimaji hakuijua hiyo adabu, angeuliza tu. Mimi niliijua." Alikung'uta penseli kwenye goti. "Ningezunguka nyuma kuomba maji. Ningempata peke yake. Ilikuwa dakika mbili hiyo. Tulikuwa na miji mingine ya kumaliza."

Aliyelala nyuma ya ghala alikuwa mtoto wa yule mkwe, aliyezaliwa akafa kabla hajaonyeshwa kwa watu. Mzee hakumhesabu, pengine si kwa ubaya, hakumwona kama mtu wa kuhesabiwa. Makaburi yaliyoandikwa yalihamishwa kwa heshima zake, na miji ikahama. La mtoto yule halikuandikwa. Mama yake, ndiye huyu wa Kerende, alipopata ujasiri wa kutembea hadi Tarime kumtafuta yule aliyekuwa anatafsiri, mawe yalikuwa yameshashuka juu yake. Mkalimani aliingia kwenye programu ya hesabu, ambayo wakati huo alikuwa ameshafundishwa kuitunza, akaweka nukta nyuma ya ghala, kaburi moja. Rejesta rasmi hakuweza kuigusa. Marekebisho yake yalitaka dole gumba la mkubwa wa mji, na mkubwa wa mji alikuwa ni yuleyule mzee. Kumpelekea fomu ilikuwa sawa na kumwambia kwamba mkwe wake amesema.

"Kwa nini hukumchapia karatasi, akae nayo?" niliuliza.

"Nilimwambia. Akasema karatasi itasomwa nyumbani. Na alisema na lingine. Alisema, nataka awe na wenzake kwenye hesabu."

Kompyuta ya kwanza ilipokufa, akaihamishia programu kwenye seva, sehemu ya nne, kwa nguvu. Ilipokuwa inakataa, akailazimisha. Aliandika ile "Ipo" akijua. Alinitazama, na nikajua kwamba alijua nimeshaiona orodha. Kisha akasema feni ya tatu ina mlio. Mwezi huohuo akastaafu, akarudi kwao Ringwani, na jaketi lake likaondoka naye. Vikombe vya bati viliachwa juu ya kabati.

Ofisi bila yeye ilikuwa na sauti nyingi na mimi nilikuwa peke yangu ndani yake. Nilisoma orodha mwenyewe na kujijibu mwenyewe, kwa sauti, na vijana wapya wakanicheka kama nilivyomcheka. Seva ya zamani ilikuwa bado kwenye kona ikisubiri mnunuzi. Nilimwomba meneja aiache hadi baada ya mavuno, nikamdanganya kwamba nahakiki nakala.

Mama wa Kerende alikuja, akabisha, nikafungua. Alinitazama, akatazama stuli.

"Tata yuko wapi?"

"Amestaafu, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Hakukaa. "Na mtoto, bado yupo?"

Niliiwasha sehemu ya nne, nikamwonyesha. Halafu nikamwambia ukweli kwamba ni mara ya mwisho, mashine inaondoka na mpya haiwezi kumpokea. Alitikisa kichwa polepole kama mtu anayesikia kitu alichokitegemea. Nilifunga mlango. Nikamwekea chai. Tulikuwa wanawake wawili kwenye chumba cha baridi, hakuna mwanaume, hakuna mpimaji, na nikamuuliza swali ambalo sikulipanga. Nilimuuliza mkubwa wa mji ni nani siku hizi.

"Ni mimi," alisema. "Mzee alikufa, huu mwaka wa tatu. Mume wangu naye alitangulia. Nimebaki mimi na wajukuu wa mke mwenzangu."

Fomu ya masahihisho ilikuwa kwenye droo ya karani, hatua ishirini kutoka pale. Ilikuwepo muda wote. Niliileta, nikamsomea kipengele kimoja kimoja, naye akajibu kimoja kimoja, kwa sauti ndogo mwanzoni, halafu ya kawaida. Kulikuwa na mahali pa jinsia na mahali pa jina. Alipofika kwenye jina akavuta kitenge begani, akalisema. Nilishika kidole chake gumba nikakibonyeza kwenye wino na kwenye karatasi. Kilikuwa kigumu na kikavu. Kabla ya kwenda nyumbani jioni ile, rejesta rasmi, kwenye sehemu ya kwanza ya seva mpya, ilisoma makaburi: moja. Mama aliona mstari wake ukiwa katikati ya mistari mingine ya mji ule. Akauliza kama atahitaji kurudi mwakani kuangalia. Nikamwambia hapana, hii haitazimwa.

Sikukuu ya Idi nilikwenda Mugumu kwa baba, na siku ya pili nikapanda bodaboda hadi Ringwani. Nilitaka kumpelekea Mkalimani habari njema, na nilijisikia fahari, sifichi. Nilimkuta kwenye shamba la mtama, peke yake, na lile jaketi la majivu kwenye jua la saa sita. Nyumba yake haikuwa na umeme. Nje kulikuwa na stuli moja. Alinipa mimi, akakaa kwenye kinu kilichogeuzwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Feni zinafuliwa?"

"Vichujio vinafuliwa, kila Ijumaa."

Nikamwambia yote. Mama alivyokuja, swali langu, fomu, dole gumba. Nilitegemea atafurahi. Aliokota jani la mtama, akaanza kulichana nyuzi nyuzi, na nikaona uso wake unazeeka mbele yangu.

"Nilijua mzee amekufa," alisema. "Mama mwenyewe aliniambia. Mwaka uleule."

Sikuelewa. "Sasa mbona hukumpa fomu?"

Alichana jani hadi likaisha. Kulikuwa na njiwa sehemu fulani kwenye mtama, na hakuna kingine.

"Angekuja kufanya nini tena?" alisema.

Nilikumbuka kikombe alivyokuwa akikiosha. Mara moja kwa mwaka mtu mmoja alitembea kutoka Kerende kuja kumuuliza yeye swali, na yeye ndiye pekee duniani aliyekuwa na jibu. Nilimkasirikia, kwa ajili ya yule mama na miaka miwili ile, na nilimhurumia vibaya sana, na hasira na huruma vikakaa pamoja pale kifuani bila kimoja kumtoa mwenzake. Sikumwambia kwamba si kitu. Angejua nimeandika nilichoambiwa.

"Hatakuja tena ofisini," nilisema.

"Hapana. Ni vizuri." Alikung'uta nyuzi za jani magotini. "Fomu ile ina mahali pa jinsia. Kwenye ile yangu niliacha wazi. Sikumuuliza. Miaka yote, sikumuuliza."

"Wa kike," nilisema. "Na alimpa jina. Robi."

Aliinama, viwiko kwenye magoti, mikono imeshikana. Halafu akanyoosha mgongo, akatazama mbele, na nikaitambua sauti iliyotoka, maana niliifanyia kazi miaka sita. Ilikuwa sauti ya kusoma orodha.

"Umegusa?"

"Nilishika kidole cha mama yake."

Alitikisa kichwa kukubali.

"Robi," alisoma, akasubiri.

"Yupo," nilisema.